Nilikuwa Dukani Jua Lilipopatwa

Kwa Jumapili nne mfululizo, mwezi Agosti 2016, nilisimama mbele ya washarika nikawasomea tangazo lile lile. Siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba, jua litapatwa. Wilaya yetu ya Mbarali, mkoani Mbeya, itakuwa miongoni mwa mahali pazuri pa kulitazama tukio hilo. Asiye na miwani maalumu asithubutu kuliangalia jua. Jumapili ya nne niliongeza na neno langu mwenyewe: "Wapendwa, msingoje dakika ya mwisho." Watu wakaitika "Amina" kwa sauti ambayo kila mhubiri hufurahi kuisikia.

Jumatano jioni, tarehe 31, tukiwa mezani, mke wangu akauliza, "Baba, na miwani yetu iko wapi?"

Nilitafuna tonge langu polepole kuliko kawaida. Ndipo nilipotambua kwamba katika usharika mzima, mtu aliyelisikia tangazo lile kwa ukaribu zaidi kuliko wote, maana lilitoka kinywani mwake, ndiye ambaye hakulifanyia kazi hata kidogo.

Habari hii naisimulia ili tucheke, na anayetaka kumcheka mchungaji ana ruhusa. Lakini ndani yake kuna swali ambalo limenifuata tangu siku ile. Tunahimizana kila mara kukaa tayari: tayari kwa kifo, tayari kwa kurudi kwa Bwana, tayari kwa Meza yake. Je, mtu anayejiweka tayari anafanya nini hasa? Nimewaona watu wakihangaika sana kujiandaa, nami nikiwa mmoja wao, na bado jambo lenyewe likawapita.

Kwanza nieleze kilichokuwa kinatujia. Kipenyo cha jua ni karibu mara 400 ya kipenyo cha mwezi, lakini pia jua liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi. Ndiyo maana machoni petu vyote viwili vinaonekana kama vina ukubwa mmoja, na mwezi ukipita katikati unaweza kulifunika jua. Lakini njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili. Kuna siku unakuwa karibu nasi na siku nyingine unakuwa mbali. Siku ile ulikuwa mbali kidogo, kwa hiyo ulionekana mdogo kuliko jua, na haukuweza kulifunika lote. Ukingo wa jua ulibaki ukiwaka pande zote kama pete. Eneo la kuiona pete hiyo lilikuwa ukanda mwembamba uliopita Gabon, Kongo zote mbili, kusini mwa Tanzania, Msumbiji na Madagaska hadi kisiwa cha Réunion. Sisi tulikuwa ndani ya ukanda huo. Jua lingeanza kumegwa katikati ya asubuhi, na kabla kidogo ya saa sita mchana pete ingetokea na kudumu kwa takribani dakika tatu. Mtu angeweza kuishi miaka mia mahali pamoja asiletewe jambo kama hilo mlangoni kwake.

Basi, turudi kwenye maandalizi. Nilipotoka nje asubuhi ya Alhamisi nilipata faraja ndogo isiyo ya kiroho: nilikuta sikuwa mzembe peke yangu. Usharika mzima ulikuwa umeamka na kukumbuka.

Mzee mmoja alikuwa ameitoa chini ya godoro picha yake ya eksirei ya kifua, aliyopigwa miaka ya nyuma, akawa anaijaribu kwa kuinyanyua juani. Kwa hiyo alikuwa analitazama jua kupitia mbavu zake mwenyewe. Kijana mwingine alivunja kioo cha dirisha lililokwisha kupasuka, akawa anakifukiza kwa moshi wa kibatari hadi kikawa cheusi pamoja na vidole vyake. Kina mama wawili walitenga beseni la maji uani ili waliangalie jua humo. Na wanakwaya, sijui nani aliwaambia, walisikia kwamba CD inafaa. Kwaya yetu ilikuwa na katoni nzima ya CD za albamu yao ya kwanza ambazo hazikununuliwa. Asubuhi ile zikaanza kutoka kwa kasi ambayo hatukuiona hata siku ya uzinduzi. Ilinibidi niwakusanye na kuwaeleza kwamba vitu vyote hivyo, eksirei, kioo cha masizi, maji ya beseni na CD, havilindi macho. Sehemu ya nyuma ya jicho haisikii maumivu, kwa hiyo jua linaweza kuiunguza mtu asijue mpaka baadaye. Walinielewa. Mhazini wa kwaya alielewa kwa huzuni.

Mhazini wa usharika, yeye, alikuwa na asubuhi njema. Kulikuwa na uvumi kwamba kupatwa kwa jua ni mwanzo wa mwisho wa dunia. Saa moja na nusu alikuwa tayari na watu watatu mlangoni waliokuja kulipa ahadi zao za tangu Januari. Mmoja alilipa na ya mwaka uliotangulia. Sitamtaja mtu, lakini nitasema kwamba Jumapili iliyofuata, jua likiwa limesharudi kazini kama kawaida, mmoja wao alimuuliza mhazini kwa upole kama ile ya mwaka jana inaweza kuhesabiwa kuwa ya mwaka kesho.

Karibu na saa mbili, nikiwa katikati ya shughuli hizo zote, alikuja mtoto wa kike wa kama miaka tisa. Alikuwa mjukuu wa bibi mmoja mshiriki wetu, mjane, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na kwa miezi kadhaa hakutoka kitandani. Yule mtoto akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo Baba Mchungaji. Bibi anaomba umletee Chakula cha Bwana. Amesema ikiwezekana leo, asubuhi hii."

Nyumba ya bibi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Begi langu la vyombo vya Chakula cha Bwana kwa wagonjwa lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, limeshafungwa, maana hilo kwa kawaida huwa naliandaa mapema. Nikaangalia saa. Nikafikiria miwani. Nikasema, "Marahaba mwanangu. Mwambie Bibi nitakuja mchana, jua likishamaliza."

Mtoto akaondoka. Nikapanda bodaboda kwenda Rujewa.

Rujewa siku ile ilikuwa na watu ambao sikuwahi kuwaona. Wanafunzi, wageni wa mikoa mingine, watalii wenye kamera ndefu kama bunduki. Niliuliza miwani duka la kwanza, haikuwapo. La pili, ilikwisha jana. La tatu, muuzaji alicheka, akaniuliza kama natoka mbali. Mtu akanishauri nitafute kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma, kile kinachokaa kwenye kofia yake ya kazi. Ushauri huo ulikuwa mzuri nusu, maana kioo hicho hufaa kikiwa cheusi sana, namba 14. Nikapata duka la vifaa vya ujenzi, nikaingia. Muuzaji alikuwa na namba 10 na namba 11. Nikamwomba atafute vizuri. Akapanda juu ya meza, akashusha boksi, akalipangusa vumbi. Jua lilikuwa tayari limeshamegwa sana huko nje. Nikaanza kujadili bei ya kioo ambacho bado hakijapatikana.

Ghafla mwanga wa mlangoni ukabadilika. Haukuwa giza. Ulikuwa mwanga wa mchana uliopungukiwa na kitu, kama rangi ya shuka lililofuliwa mara nyingi. Nje watu wakapiga kelele kwa pamoja. Muuzaji akaruka kutoka juu ya meza, akapita pembeni yangu bila kusema samahani, akatoka. Nikabaki ndani ya duka la mtu, mkononi noti ya shilingi elfu kumi, kati ya mifuko ya saruji na koili za nyaya.

Nikatoka mbio. Kila mtu alikuwa ameinua uso. Sikuthubutu kuangalia juu, maana hata pete ile ikiwa imekamilika, ule ukingo mwembamba unatosha kuharibu macho. Nikaanza kuomba. Simaanishi sala. Nilimwomba mtu mmoja miwani, nikamwomba wa pili, nikamwomba wa tatu. Watu wana upendo, lakini dakika tatu ni chache. Hatimaye kijana mmoja alinivisha ya kwake kwa mikono yake mwenyewe kama anayemvisha mtoto. Nikainua uso. Pete ilikuwa imeshakatika. Niliona jua lenye umbo la mwezi mwandamo, jambo zuri kabisa, ambalo ningeweza kuliona mahali pengi nchini bila kupanda bodaboda.

Nilirudi na kumkuta mke wangu na watoto wa Shule ya Jumapili chini ya mwembe uliopo uwanjani kwa kanisa. Walikuwa bado wanaruka. Hawakuwa na miwani hata moja. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kutoboa tundu dogo kwenye karatasi na kuuacha mwanga upite, ukaangukia karatasi nyingine, na hapo huonekana picha ya jua bila mtu kuinua macho. Kisha waligundua kwamba hata karatasi hazikuhitajika. Kila upenyo mdogo kati ya majani ya mwembe ulifanya kazi ile ile. Nilipofika, ardhi yote chini ya mti ilikuwa na vijua vidogo vyenye umbo la hilali, mamia kwa mamia, vikitikisika kila upepo ulipovuma. "Ulipochelewa," mke wangu alisema, "zote zilikuwa pete." Watoto walikuwa wamezikanyaga.

Nikachukua begi nyuma ya mlango, nikaenda kwa Bibi.

Chumba chake kilikuwa na bati kuukuu. Juu ya kitanda chake palikuwa na tundu la msumari uliong'oka. Tundu hilo lilikuwa kwenye kumbukumbu za kikao cha wazee wa kanisa tangu masika. Tuliazimia kulitengeneza, na azimio liliandikwa vizuri sana. Wakati wa mvua Bibi aliweka sufuria kitandani.

Nilipoingia hakunisalimia kwanza. Aliuliza, "Baba Mchungaji, umeiona?" Angeweza kunizaa mimi na hata mama yangu, lakini siku zote aliniita baba.

"Nimeona kipande, Bibi."

"Kipande?" Akanihurumia kabisa, nikaiona huruma usoni pake. "Mimi nimeiona nzima. Ilikuja hapa." Akaonyesha shuka. "Ile nuru ya tundu huwa inakuja kila siku mchana, naijua. Leo ikaja, ikaanza kuliwa, ikaliwa, ikawa duara lenye shimo. Nikaweka mkono, ikakaa mkononi." Akakunjua kiganja ili anionyeshe mahali. Kisha akasema, "Nikajua Mchungaji yuko njiani anakuja."

Nilikaa kwenye kigoda nikafungua begi. Katika ibada yetu maungamo ya dhambi hutangulia, na mchungaji huyaongoza kwa niaba ya wote. Siku ile niliyasoma kwa ajili yangu. Hakujua, au labda alijua. Akapokea mkate na divai, akafumba macho, akalala.

Bibi hakufa siku ile. Alilala katika Bwana mwaka uliofuata. Mtu anaweza kuniambia, basi Mchungaji, ulichelewa saa chache, hakuna kilichoharibika. Nimejaribu kujifariji kwa maneno hayo na yamekataa. Asubuhi ile nilipomjibu yule mtoto, sikujua kama bibi yake ataiona jioni. Kwa umri wake, na kwa kuwa alisema "asubuhi hii", nilikuwa na kila sababu ya kudhani huenda asiione. Aliishi kwa rehema ya Mungu, na mimi sikuchangia chochote. Nadhani ni lazima tuwe wakweli katika jambo hili, maana makosa yetu mengi ni ya namna hiyo. Dereva aliyelewa akifika nyumbani salama, hajawa dereva mwema kwa sababu barabara ilikuwa tupu. Mungu anapoyazuia matokeo ya kosa letu, ametupa nafasi ya kutubu. Hajasema kwamba hapakuwa na kosa.

Na kosa langu lilikuwa nini? Hapa ndipo nilipoanza kuusoma upya mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25. Nilikuwa nimeshauhubiri mara kadhaa, na kila mara mahubiri yangu yalikuwa kama lile tangazo: beba mafuta mapema, usingoje dakika ya mwisho. Hilo ni kweli na limo katika mfano. Watano wanasifiwa kwa sababu walichukua mafuta ya akiba, na sitaki mtu aliondoe. Lakini angalia wale wapumbavu walikuwa wapi bwana arusi alipofika. Walikuwa dukani. Wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Wote kumi waliamshwa na kelele ile ile. Hatuambiwi kwamba bwana arusi aliwakagua taa wale walioingia. Tunaambiwa kwamba waliokuwa tayari waliingia pamoja naye, na mlango ukafungwa wakati wale wengine wamekwenda kununua.

Nimejiuliza mara nyingi, ingekuwaje kama mmoja wao angesema, "Taa yangu inazimika, ni aibu yangu, lakini siondoki hapa"? Angesimama gizani kando ya wenzake wenye taa. Bwana arusi angekuja na nuru ya msafara wake. Mfano hauelezi habari za mwanamwali huyo, na mimi sitaandika Injili upya. Najua tu kwamba hofu ya kuonekana mtupu iliwafanya waondoke kwenye mahali pekee walipotakiwa kuwa. Nami hofu hiyo naijua. Sikwenda Rujewa kwa kupenda jua tu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimesoma tangazo mara nne, na sikutaka washarika wamwone mchungaji wao akikosa miwani.

Kuna kujiandaa ambako ni namna ya kukimbia. Mwana anayejenga nyumba nzuri kijijini kwa ajili ya mama yake, na kila mwaka anasema ataenda kumwona nyumba ikikamilika, anajiandaa. Mume anayetafuta maneno mazuri ya kuomba msamaha kwa mkewe, na mwezi wa tatu huu bado anayatafuta, anajiandaa. Mkristo anayekaa mbali na Meza ya Bwana kwa sababu anataka kwanza aweke maisha yake sawa, naye anajiandaa. Ukiwatazama kwa nje wote wana bidii. Lakini mama yuko kijijini, mke yuko jikoni, na Meza imeandaliwa Jumapili hii.

Waliopita darasa la kipaimara watakumbuka kwamba Martin Luther aliliuliza swali hili katika Katekisimu Ndogo, alipofundisha juu ya Sakramenti ya Altare: ni nani anayepokea kwa kustahili? Jibu lake lina sehemu mbili na tusiiache yoyote. Anakubali kwamba kufunga na kuuandaa mwili ni desturi njema ya nje. Hakuidharau. Kisha anasema kwamba anayestahili kweli na aliye tayari ni yule anayeyaamini maneno ya Bwana, kwamba mwili na damu vilitolewa kwa ajili yake. Utayari, kwa mafundisho hayo, uko kwa mtu anayeamini kwamba anayekuja, anakuja kwa ajili yake. Bibi alikuwa nao. Hakuwa na miwani, hakuwa na kioo namba 14, hakuwa na hata miguu ya kutoka nje. Alikuwa mahali pake, aliijua nuru ya kila siku inapoangukia, na ilipokuja kwa umbo jipya alifungua mkono.

Najua pingamizi litakalokuja, maana lilikuja siku nilipoihubiri habari hii. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mlangoni, "Kwa hiyo, Mchungaji, tundu la bati tuliache?" Hapana, mzee wangu. Lile tundu lilikuwa dhambi yetu ya kikao, na Mungu kulitumia hakulifanyi kuwa azimio jema. Kabla ya mvua za Novemba tulipanda tukaliziba. Bibi alitushukuru, kisha akalalamika kwamba sasa chumba kimekuwa giza. Na watoto chini ya mwembe hawakuwa wameokolewa na uzembe. Walikuwa na mwalimu aliyechukua muda kujifunza jinsi tundu dogo linavyofanya kazi, na akawafundisha mapema. Kujiandaa ni vema. Nunua miwani. Andika wosia. Lipa ahadi Januari, usingoje jua lipatwe. Lakini kila maandalizi yaulizwe swali moja: yananiweka karibu na yule ninayemngoja, au yananiondoa? Mwalimu yule alikuwa pamoja na watoto pete ilipotokea. Mimi nilikuwa na muuza saruji.

Kwa wale wanaopenda kujua mapema, jua litapatwa tena. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utalifunika jua lote huko Afrika Kaskazini na Uarabuni, nasi hapa nchini tutaona sehemu tu ikimegwa. Na Jumatano, tarehe 21 Mei 2031, pete nyingine itapita Angola, Kongo na Zambia na kufika tena Tanzania. Nimeshaziandika tarehe zote mbili. Asubuhi za siku hizo, nikijaliwa uhai, nitapita kwanza kwa wagonjwa. Kuhusu miwani, mke wangu amesema atanunua yeye.